Pikipiki Iliyolala Nyumba Saba

Kila ninaponunua maharage hapa Goma, nikafungua mfuko na kuzamisha mkono ndani, kwa muda mfupi nahisi kama nimeibiwa kitu. Yananuka maharage tu. Nyumbani kwetu, juu ya kilima kinachotazama njia ya Burungu, maharage yalinuka petroli, kwa sababu chini kabisa ya gunia ilikaa kabureta iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. Mama alipochota maharage ya jioni alikigusa kile kifurushi kwa ncha za vidole, kama anayehakikisha kwamba mtoto bado amelala, kisha akaendelea na kazi yake. Mimi niliamini kwamba ndivyo maharage yanavyohifadhiwa duniani kote.

Kabureta hiyo ilikuwa ya pikipiki yetu, na pikipiki yetu ilikuwa na umri kumzidi Papa. Babu aliipata kwenye shamba la ng'ombe alikokuwa tarishi. Wenye shamba walipoondoka walimwachia yeye, labda kwa shukrani, labda kwa sababu machoni pao haikuwa tena na thamani. Ilikuwa ndogo na nyepesi, na tangi lake jekundu lilifanana na tone la maji linalotaka kudondoka. Injini yake ilikuwa ya aina ile ya kale inayokunywa petroli iliyochanganywa na mafuta, na ilipowaka ilitoa moshi wa buluu na sauti kavu ya mtu anayepasua kuni. Papa hakuwa fundi wa pikipiki kwa kazi. Kazi yake ilikuwa kuchonga chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, yenye usukani kama pembe za ng'ombe, inayoteremsha magunia ya viazi mpaka mji wa Sake. Lakini mikono ile ile iliyoshika panga na tezo wiki nzima ilikuwa na kazi nyingine siku ya Jumapili, na siku hiyo ilikuwa laini kama mikono ya mtu anayemwosha mzazi wake.

Misa ilipoisha, Papa alivua koti, akachukua kopo la grisi, tupa, msasa na matambara mawili, akaanza mzunguko. Pikipiki haikukaa kwetu. Kwetu kulikuwa na kabureta tu, na chasisi iliyoegemezwa kwenye karakana katikati ya magogo. Tangi lilikuwa chini ya kitanda cha Mama Riziki, jirani yetu wa kwanza, mjane mwenye ulimi mkali na mlango usiofungwa. Papa alilitoa, akamimina ndani kikombe cha petroli pamoja na kokoto kumi na mbili, akalitikisa mpaka kokoto zikakwangua kutu, kisha akazihesabu zikitoka, moja moja, kwa sauti, na Mama Riziki akihesabu pamoja naye. Kutoka hapo alikwenda kwa katekista, ambaye injini ililala katika banda lake la mbuzi chini ya majani makavu ya migomba. Papa aliizungusha taratibu kwa mkono ili pete za pistoni zisishikane na silinda, akiinamisha sikio kama daktari. Mnyororo ulikaa kwa mwanamke mpika kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, ukiwa umejikunja ndani ya kopo la mafuta yaliyoungua. Magurudumu mawili yalikaa nyumba mbili za upande wa kisima. Na usukani ulikuwa kwa akina Espérance, mwanafunzi mwenzangu. Nyumba saba kwa jumla. Papa aliingia zote, akasafisha, akapaka, akakaza, akaagana. Gasketi alizikata kwa mkasi kutoka kwenye majalada ya madaftari yangu ya mwaka uliopita. Nadhani hesabu zangu za darasa la tatu zilisafiri mbali kunishinda mimi mwenyewe.

Leo ninapolikumbuka jambo hilo, nastaajabu. Wakati ule niliona aibu.

Niliona aibu kwa sababu nilikuwa nimejitungia maelezo yangu. Mara tatu katika maisha yangu nilikuwa nimeiona pikipiki ikiwa nzima. Mtu aliumwa, ama mwanamke alishikwa na uchungu mbaya, basi mtoto mmoja wa nyumba yetu alitumwa mlango kwa mlango kusema maneno mawili tu: "Piki inaitwa." Aliyeyasikia aliacha alichokuwa akifanya, akaja na kipande chake. Hakuna aliyeuliza kwa ajili ya nani. "Ukiuliza, umeisha kukaa," Mama alinifundisha, yaani anayeuliza ameshaamua kutosimama. Papa aliiunganisha kwa muda wa viazi kuchemka, akapakia mgonjwa, akaondoka. Aliporudi, kesho yake ama keshokutwa, hata kabla ya kunywa maji alikuwa ameshaanza kuifungua tena, na vipande vikarudi kila kimoja kwao. Mimi, kwa akili ya miaka kumi, niliunganisha mambo hayo mawili nikapata jibu moja: kila ikisafiri inavunjika. Papa yangu ni fundi asiyeweza kuitengeneza ikadumu hata siku mbili. Na nilipowauliza wakubwa, walinijibu kwa namna wakubwa wanavyojibu kinywa kisicho na mlango: "Iko mugonjwa."

Espérance alikuwa na maelezo yake pia, na aliyatoa mbele ya darasa zima.

"Papa yake alikula piki nzima," alisema, "sasa anatapika vipande nyumba kwa nyumba. Kwetu alitapika usukani. Mama anaanikiaka apo nguo za mutoto."

"Usiseme vile. Iko mugonjwa," nilisema.

"Mugonjwa gani haponake? Basi munganga wake njo mubaya!"

Walicheka mpaka mwalimu akaingia. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo nilipokutana na Papa njiani na kopo lake la grisi, niligeuka kana kwamba nimesahau kitu nyumbani. Alinipungia mkono na tambara lake. Sikumpungia.

Ilikuwa siku ya soko. Papa alikuwa ameondoka na mapambazuko kwenda msituni kutafuta mti mgumu wa magurudumu ya chukudu. Mama, ambaye tumbo lake lilikuwa limebakiza mwezi mmoja hivi, alikuwa shambani akipalilia polepole, mkono mmoja kiunoni. Nilijua kwamba wanafunzi wote wangepita mbele ya nyumba yetu wakielekea sokoni. Hoja yangu ilikuwa safi kabisa, na mpaka leo siwezi kuipinga kwa mantiki yake: kama safari ndiyo inayoivunja, basi pikipiki iliyounganishwa ikasimama tu, isiende popote, haitavunjika. Itasimama nyekundu mbele ya nyumba. Watu wataiona. Papa atarudi aikute. Namna ya kuiunganisha nilikuwa nimeiona mara tatu, na wakubwa wangenisaidia.

Nikaenda mlango kwa mlango, nikasema, "Piki inaitwa."

Walikuja wote. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa uchungu kuliko mengine: namna walivyokuja. Mke wa katekista alikuja na injini ndani ya kikapu mgongoni, mkanda wake ukiwa kwenye paji la uso, akihema. Mpika kasiksi aliacha ndizi zake nusu zimekamuliwa, mikono imejaa utomvu. Mama Espérance alikuja na usukani ambao kofia ya mtoto na soksi moja bado zilining'inia juu yake. Waliviweka vipande kwenye majani mbele ya karakana, wakasimama, macho yakimtafuta Papa.

Mama Riziki ndiye aliyeuliza. "Papa yako iko wapi?"

"Alienda kutafuta miti."

"Sasa njo nani anaita?"

"Njo mie."

"Aa. Na mugonjwa?"

Niliangalia miguu yangu. "Hakuna mugonjwa. Nilitaka tu isimame."

Hakuna aliyenigombeza. Walitazamana, na katika macho yao sikuona hasira bali kitu ambacho sikukijua wakati ule. Sasa najua kwamba kilikuwa hofu. Maana siku za soko, kabla jua halijafika katikati, walishuka kutoka mlimani wanaume wenye bunduki kuchukua walichokiita haki ya njia. Mpika kasiksi, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote, aligeuza shingo kuelekea kijia cha juu.

"Banakuya," alisema kwa sauti ya chini. "Kila muntu na yake!"

Sijawahi kuona kazi iliyofanyika kwa mpangilio kama ule. Kikapu chenye injini kilifunikwa kwa majani ya muhogo, na mkanda wake ukarudi kwenye paji la uso. Gurudumu moja liliwekwa kichwani na ungo wa maharage ukawekwa juu yake; jingine liliteremka na mwenyewe kupitia migombani. Mama Espérance alirudisha soksi iliyokuwa imeanguka, akautundika usukani begani, akaondoka polepole kama mtu anayetafuta jua la kuanikia. Mama Riziki na mimi tuliikokota chasisi mpaka ndani ya karakana na kuilaza chini ya mbao. Tulipotoka nje, tangi lilikuwa bado kwenye majani, jekundu, likimetameta kwa sababu Papa alikuwa amelipiga msasa Jumapili iliyopita. Mama Riziki aliliokota. Wanaume watatu walikuwa wameshafika kwenye ua.

"Mama, umebeba nini?" aliuliza wa mbele, kijana ambaye ndevu zake zilikuwa hazijaamua kuota.

"Chombo ya maji, mwanangu. Naenda ku kisima."

"Chombo ya maji, nyekundu ivi?"

"Siye bazee tunapenda rangi."

Wenzake walicheka. Yule kijana aligonga tangi kwa kucha, akasikiliza mlio wake, akalichukua mikononi mwake bila nguvu, kama anayempunguzia bibi mzigo. "Iyi itaenea kasiksi ya leo," alisema.

"Basi mukunywe pole pole," Mama Riziki alijibu. "Iko na harufu."

Waliondoka nalo wakiteremka kuelekea sokoni, na hawakuwahi kujua kwamba walikuwa wameshika kipande kimoja cha kitu kizima. Walipopotea, Mama Riziki alikaa kwenye majani, na magoti yake yakaanza kugongana. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kutetemeka. Nilimshika goti moja kwa mikono miwili, lakini la pili likaendelea.

Papa alirudi alasiri na gogo begani. Alisikiliza habari yote amesimama, gogo bado liko begani, kisha akaliweka chini na kuniketisha juu ya chukudu isiyokwisha. Nilisubiri fimbo. Alichukua tambara lake, akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Unajua juu ya nini piki iko vipande?"

"Juu iko mugonjwa. Kila ikitembea inavunjika."

Nikaona kwamba jibu langu lilimuuma kuliko tangi. "Nani alikwambia inavunjika?"

"Nilionaka weye unaifungua."

"Iyi piki iko muzima kunishinda mie," alisema. "Sikia, mama." Aliniita mama, kama alivyoniita siku zote. "Piki ikikuwa nzima, iko ya ule mwenye bunduki. Ikikuwa vipande, iko yetu. Nani atapanda mulima juu ya kuiba gurudumu moja? Nani ataiba mnyoro mu kopo? Ndiyo, naifungua. Naifungua ili ikuwe." Kisha akasema jambo ambalo lilinizuia kulala kwa siku nyingi: "Tangi tutatafuta. Lakini Mama yako iko na mwezi moja tu, na ule mutoto hajageuka bado."

Nimesoma uhandisi baada ya hapo. Walimu wangu, watu makini ninaowaheshimu, walinifundisha kwamba mashine ni jumla ya sehemu zake zikiwa zimeunganishwa, na kwamba mali ni kile ambacho mtu anaweza kuzuia wengine wasikitumie. Niliandika ufafanuzi huo katika mitihani na kupata alama nzuri. Lakini kila nilipouandika nilimwona mtu wa kilimani, asiye na cheti hata kimoja, aliyetunza injini kwa miaka ili isifanye kazi ila siku ya shida ya mwenzake, na aliyegundua kwamba njia pekee ya kumiliki kitu mahali petu ni kukigawa. Sisi wa rika langu tunazungumza sana kuhusu amani. Tunaandaa semina, tunavaa fulana zenye maandishi. Mimi pia nimezivaa. Nadhani Papa hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu, lakini alilifanyia matengenezo kila Jumapili, kwa grisi na msasa, nyumba kwa nyumba.

Tangi hatukulipata. Papa alikwenda Sake kwa miguu, akarudi na tangi la pikipiki ya kisasa, pana kama mgongo wa nguruwe, ambalo halikukaa kwenye chasisi hata kwa kulibembeleza. Alianza kuchonga kiti cha mbao cha kulishikilia. Majirani walimtania: "Papa, si uchonge tangi yenyewe ya mbao, tuione chukudu ya kunywa petroli!" Alicheka pamoja nao. Mimi nilihesabu siku kwenye ukuta wa jikoni kwa mkaa.

Hazikutimia, na kiti cha tangi kilikuwa hakijakwisha. Asubuhi moja ya ukungu na mvua nyembamba, kabla ya uji kuiva, Mama aliita jina la mkunga wa kijiji badala ya jina langu. Mkunga alikuja na mfuko wake, akaingia chumbani, na baada ya muda akatoka akimtazama Papa peke yake.

"Mukono ya mutoto njo ilitangulia," alisema. "Apa mie sitaweza. Anapaswa mashini na munganga. Mukitafuta kipoyi, mutafika saa ngapi?"

Kipoyi ni machela ya miti inayobebwa na wanaume mabegani. Katika matope yale wangefika kwenye kituo cha afya cha mjini alasiri. Papa aligeuka, akanitazama mimi.

"Enda uite."

Nilikimbia, na njia nzima nilikuwa na wazo moja: hawatakuja. Niliwaita bure mara moja, leo watauliza. Na wakiuliza, watakuwa wamekaa. Nilifika kwa katekista nikamkuta na kiazi mdomoni. Nilisema yale maneno mawili. Alisimama. Hakutafuna, hakutema, alisimama tu na kwenda kwenye banda la mbuzi. Mpika kasiksi alikuwa ameshika kopo la mnyororo kabla sijamaliza. Kwa akina Espérance, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Tulitazamana. Kisha aliingia ndani, akatoka na usukani begani, akanipita mbio kwa miguu mitupu akielekea kwetu, na mama yake nyuma yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mama Riziki alifika mwisho. Hakuwa na tangi. Alikuwa na bidoni, dumu dogo la njano la lita tano, lililosuguliwa mpaka maandishi yake yamefutika. "Mie nilichungaka tangi," alimwambia Papa. "Sina tena. Chukua iyi. Tangu ile siku nilifula na maji ya moto, nikaanika." Na mkunga, bila kuambiwa, alitoa kwenye mfuko wake mpira mrefu wa serumu, ule mwembamba unaopeleka dawa kwenye mshipa wa mgonjwa.

Papa aliunganisha. Vidole vyake havikukosea hata mara moja. Vilikwenda vyenyewe kama vidole vya mtu anayesali rozari. Bidoni aliitia petroli, akaifunga juu ya usukani, mpira ukashuka mpaka kwenye kabureta, akapiga teke, na ile sauti ya kuni kavu ikapasuka katika ukungu. Lakini pikipiki ilipoanza kusogea, bidoni iliyumba, mpira ukajikunja, injini ikafa. Akafunga tena. Ikafa tena. Mama alikuwa ameshawekwa nyuma, amefungwa kwa vitenge viwili kwenye mgongo wa Papa, mdomo wake umebana kitambaa. Mtu mzima wa tatu asingewezekana. Injini ile isingepanda mlima.

"Kuya apa," Papa aliniambia.

Alikunja gunia tupu na kuliweka juu ya bomba la chasisi, mahali ambapo tangi lilipaswa kuwa, akaniketisha hapo, kati ya mikono yake. Akanipa bidoni. "Inua. Juu ya kichwa. Isishuke, isilale. Ukichoka, unambie. Lakini usichoke."

Tuliondoka. Nakumbuka barabara ile kwa mabega yangu. Tulipopita mawe, petroli ilichezacheza juu ya kichwa changu na tone moja moja likateremka kwenye mkono mpaka kwapani, likiwa baridi kwanza kisha likaunguza. Sikuona Mama; nilimsikia. Kila shimo lilimtoa sauti moja fupi, na kila sauti iliingia mgongoni mwa Papa na kutoka kifuani mwake mpaka kwangu. Nilijaribu kuhesabu kokoto kumi na mbili, kwa sauti, zikitoka na kuingia. Mahali fulani mikono ilianza kutetemeka kama magoti ya Mama Riziki. Mahali fulani mbele zaidi iliacha kuwa yangu, ikawa nguzo mbili zilizosimikwa mabegani mwangu na mtu mwingine.

Katika kona ya mwisho kabla ya mji kulikuwa na kizuizi, mwanzi uliolazwa katikati ya njia, na kijana mwenye bunduki chini ya mwavuli. Papa alipunguza mwendo bila kuzima.

"Piki gani iyi haina tangi?" yule kijana aliuliza, akizunguka mbele yetu kana kwamba ni onyesho.

"Iko nayo," Papa alisema. "Tangi iko uyu mutoto."

Kijana alicheka. Kisha macho yake yakapanda kutoka kwangu hadi kwa Papa, na kutoka kwa Papa hadi uso wa Mama uliolala begani, na kicheko kikaisha. Aliinua mwanzi kwa mkono wake mwenyewe, juu zaidi ya ilivyohitajika, ili mikono yangu ipite.

Kwenye kituo cha afya walimfungua Mama na kumwingiza ndani wakikimbia. Mimi nilibaki juu ya chasisi, bidoni bado iko juu. Muuguzi alirudi kunichukua, akaniambia shusha, nikamwambia siwezi, na ilikuwa kweli. Alinikunja viwiko kimoja kimoja, taratibu, kama anayefunga dirisha la zamani, nami nikalia kwa mara ya kwanza siku ile.

Nilipoinua uso, nilimwona Papa akiwa amepiga magoti katika matope ya uani, akiifungua pikipiki. Mke wake alikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na yeye alikuwa akitoa gurudumu la mbele. Nilitaka kumkasirikia, lakini niliona kwamba midomo yake inakwenda, na kwamba kila nati aliyoilegeza aliishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Pembeni mwa ua, chini ya bati, walikaa wanawake waliokuja kuwauguza watu wao, wakipikia kwenye mafiga. Walikuwa wa vijiji ambavyo hatukuvijua. Papa aliwasogelea akiwa na gurudumu, akawasalimia, akasema maneno machache ambayo sikuyasikia. Mmoja alisogeza sufuria yake, akaliweka gurudumu nyuma yake na kutandika kitenge juu. Mwingine alinyoosha mikono kupokea mnyororo. Nilingoja mtu aulize. Mvua ilinyesha, sufuria zikachemka, na Papa alikwenda na kurudi mpaka chasisi peke yake ikabaki imeegemea ukuta, haifanani na kitu chochote.

Adhuhuri ilikuwa imepita walipotuita. Mama alikuwa amelala ubavu, uso wa rangi ya majivu, na pembeni yake kulikuwa na kifurushi kilichokunja uso kwa hasira, mkono mmoja, ule uliotangulia, ukiwa umevimba na umefungwa bendeji. Alikuwa kaka yangu mdogo, na alikuwa akipumua kwa kelele. Papa alisimama mlangoni bila kuingia, akifuta mikono yake kwenye suruali, mbele, nyuma, tena mbele.

Mama alifungua jicho moja. Alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, kisha akamtafuta Papa.

"Piki iko wapi?" aliuliza kwa sauti iliyokuwa pumzi tu.

"Iko kwa batu."

"Batu gani? Apa hatujue muntu."

Papa alifikiri. "Ata mie," alisema, "sikuuliza majina yabo."

Mama alianza kucheka, akashika tumbo lake lililoshonwa, akamwambia anyamaze kabisa, asije akamkatisha nyuzi za mshono.